Mwiko Ukivunjwa, Nani Alipwe?

Nilikuwa darasa la tatu nilipotumwa chumvi usiku kwa mara ya kwanza. Tuliishi kambi ya polisi mashariki mwa Uganda, kwenye yuniporti, vile vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Mama alinikabidhi kikombe cha plastiki, akanishika bega. "Ukifika usiitaje. Sema mama anaomba kile cha mboga."

Mlango wa tatu alikaa mke wa koplo mmoja, Mteso kwa kabila, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Nilimkuta anasonga ugali wa wimbi. Nikapiga magoti, nikasalimia.

"Mama anaomba kile cha mboga."

"Kipi? Nyanya?"

"Hapana."

"Mafuta?"

"Hapana." Nikasugua vidole hewani kama mtu anayenyunyiza.

"Aa, chumvi!" Sauti yake ilipita mabati ya nyumba nne.

Nilijikunyata pale chini nikingoja radi, nyoka, chochote. Hakikuja kitu ila chumvi yenyewe, vijiko viwili, ikamiminwa kikombeni. Nyumbani niliulizwa swali moja tu: nani ametaja? Nikasema ni yeye. Mama akafikiri, akakoroga maharagwe yake. "Basi ni juu yake. Na kwao labda si mwiko."

Wiki hiyohiyo mama alikwenda kwa jirani yuleyule kuazima sindano, magharibi imeshaingia. Alinyimwa. Sindano haitoki nyumbani usiku, alisema yule mama, na mara hii hakucheka mtu.

Hukumu ile ya jikoni nimeirudia kichwani miaka mingi. Ndani yake kuna sheria nzima: kuna kosa, kuna mwenye kosa, na kuna mpaka wa sheria yenyewe, kwamba ya kwetu haimfungi wa kwao. Siku hizi yakizuka mazungumzo ya imani hizi, watu hukimbilia pembe mbili. Hawa wanasema ni ushirikina, tupeni kule. Wale wanajibu kwamba mwacha mila ni mtumwa, na hapo mjadala umefungwa kwa kufuli. Pande zote mbili zinagombea jambo moja, kama mwiko ni wa kweli au wa uongo. Mimi swali hilo limenichosha. Nauliza jingine, ambalo mama yangu angelielewa bila kufafanuliwa: mwiko ukivunjwa, nani analipa, na nani analipwa?

Kwanza niseme tulivyoipata hii miiko, sisi tuliolelewa kwa Kiswahili katika nchi ambayo Kiswahili kwa wengi kilikuwa lugha ya askari na ya sokoni. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika kwenye ua wa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844. Baadaye likaja jeshi la wakoloni, na kambi zake ndizo zilizolea Kiswahili chetu. Upande wa baba yangu ni Wanubi, uzao wa askari Wasudani wa gavana Emin Pasha walioletwa huku na Lugard, kapteni Mwingereza, mwaka 1891. Mama ni Mganda. Majirani walikuwa Walugbara, Waacholi, Wasoga, Wateso, Wagisu. Kila nyumba ilikuwa na marufuku yake kwa lugha yake, na watoto tulipokutana bombani tuliyatafsiri kwa Kiswahili ili tujue nani asifanye nini nyumbani kwa nani.

Katika kutafsiri, kitu kilidondoka. Luganda kina omuzizo, jambo lililokatazwa, na kina omuziro, mnyama au mmea ambao ukoo wako hauli. Ni maneno mawili yenye kazi mbili. Kiswahili chetu cha kambini kiliyatia yote katika chungu kimoja kikayaita mwiko, na mwiko kwetu ni pia kile cha kusongea posho, yaani ugali. Sisi watoto tuliamini ni kitu kimoja, kwa kuwa ukivunja wa kwanza unachapwa na wa pili. Tena wasichana tu. Mvulana hapigwi na mwiko, ati atakosa uanaume. Weka alama hapo, nitaparudia.

Kwa upande wetu nasi tuliwalipa Waganda kwa njia ya ajabu. Neno lao la nuksi ni ekisirani. Hilo ni kisirani letu, limevaa kiambishi cha Kiganda. Katika yote ambayo Kiswahili kingeweza kuwaachia majirani, kiliacha na jina la bahati mbaya.

Turudi kwenye malipo. Omuziro ni mfano mwepesi, sitakaa hapo. Buganda ina koo zaidi ya 50, na mtu wa ukoo wa Nsenene hali panzi hao, wa Mmamba hali samaki kamongo. Unachokikosa mdomoni unakipata kwingine: ukimuuliza mgeni "weddira ki?", anakutajia ukoo, na kama ni wako basi papo hapo umepata ndugu, kaka wa kukulaza au binti ambaye huwezi kumposa. Bei ni kitoweo kimoja. Si ghali.

Ghali ilikuwa kwa wanawake. Katika mila ya zamani ya Kiganda mwanamke hakula kuku, wala yai, wala kondoo, wala nsenene. Hakatazwi kufuga kuku, hakatazwi kumchinjisha wala kumpika. Anamfunga kwenye jani la mgomba, anampika luwombo kwa saa nzima na zaidi, anapiga magoti kumwandalia mume, firigisi ikiwa juu kama taji. Yeye anakula mchuzi wa karanga. Sababu alizopewa ni za kumtisha kuhusu uzazi na mwenendo wake, lakini tazama sahani na utaona sababu nyingine imelala hapo, ina mapaja mawili.

Nsenene ni hadithi tamu zaidi kwa sababu ndani yake mwanamke alilipwa. Wanakuja kwa wingi mwezi wa kumi na moja, ndiyo maana kwa Luganda mwezi huo unaitwa Museenene. Mke alitoka alfajiri kuwakusanya, akawanyonyoa mbawa na miguu, kazi ya kuumiza vidole kuliko kuchambua mchele wa mawe, akamkaangia mume. Yeye haonji. Badala yake mume alimnunulia gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Kiganda. Wazee husimulia jambo hilo kama mila ya tangu na tangu, nami sitaki kuwaharibia, ila gomesi lenyewe ni vazi la mwanzoni mwa karne ya 20, lililoshonwa na fundi Mgoa ambaye jina lake ndilo tunalolivaa. Maana yake mila hii ilikuwa inashonwa upya watu wakiitazama. Ilijua kupandisha bei.

Na hatimaye bei ndiyo iliyoiua. Masaka leo wanategwa kwa taa kali na mabati yanayong'aa, wanauzwa kwa kikombe kando ya barabara, na wauzaji wengi ni akina mama wenye mashavu yanayotafuna. Sijasikia kikao cha wazee kilichoondoa marufuku ile. Kitu kilipopata bei sokoni, gomesi moja kwa msimu mzima likaonekana ni mshahara mdogo. Kuku naye akafuata njia hiyohiyo, ingawa nina shangazi ambaye hadi leo firigisi haigusi. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema haogopi, hapendi tu. Miaka 60 ya kutopenda kitu ambacho hajakionja!

Kuna mwiko mwingine wa nyumbani kwetu: ukitoka ukakumbuka kitu umesahau, usirudi. Mama alikuwa akifika kwenye geti la kambi, akigundua kaacha pochi, anasimama palepale na kuita mtoto amletee. Aliyesahau ni yeye, anayerudi ni mwingine, mkosi hauna wa kumshika. Chanzo chake wengi wanakijua. Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, na mkewe Nambi waliposhuka kutoka mbinguni, Gulu, baba yake Nambi, aliwaonya wasirudi nyuma kwa lolote. Njiani ikakumbukwa kwamba wimbi wa kuku umeachwa. Mtu akarudi, na Walumbe, yaani mauti, akamfuata hadi duniani. Nani alirudi? Nilivyosimuliwa na bibi ni Nambi. Ziko simulizi ambazo ni Kintu, tena Nambi akimsihi asirudi. Sijawahi kukutana na mwanamume aliyeanza na simulizi ya pili. Na angalia, ni kuku tena. Mwanamke akabebeshwa lawama ya chakula cha ndege ambaye kisha akakatazwa kumla.

Lakini nisiwe mtu wa kuona hila tu. Jambo ninalotaka kulisema hasa liko kwenye obuko.

Neno hilo ni ndugu wa damu wa neno letu ukwe. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawakai karibu, na zamani hata kutazamana uso kwa uso ilikuwa tabu. Ukivunja, mikono inaanza kutetemeka, na huo mtetemeko nao unaitwa obuko. Ugonjwa umepewa jina la undugu ulioharibiwa. Sasa, walioandika habari za Buganda zaidi ya miaka 100 iliyopita wanataja kitu ambacho kwetu hakikutajwa kabisa: mwanamume akimwona mama mkwe kifua wazi kwa bahati mbaya, alimpelekea nguo ya gome. Ni lubugo, ile inayopondwa kutoka gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu.

Fuata mkono wa malipo. Aliyeona ndiye anayetoa. Aliyeonwa ndiye anayepokea. Na kinachotolewa ni nguo, kilekile kilichokosekana. Hakuna mtu wa katikati. Aliyetunga jambo hili, nani ajuaye ni nani, alikuwa anafikiri juu ya watu wawili watakaoendelea kukutana msibani na harusini maisha yao yote, na alitaka waweze kukutana. Hofu ya mtetemeko ilikuwa ukuta. Lubugo ulikuwa mlango.

Mimi nilirithi ukuta. Niliambiwa mikono itatetemeka. Kuhusu nguo hakuniambia mtu, si mama, si bibi. Nadhani hata wao hawakuambiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walitukaririsha, na methali ile haina kipande cha pili kinachosema guu linaungwa wapi.

Nilimwona anayelipia kimya hicho kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho ya binti wa ukoo wetu. Babu mdogo wa upande wa mama, mzee mnene wa heshima zake, alikaa mstari wa mbele na mikono ameificha ndani ya kanzu, chini ya koti. Chai ilipokuja aliiacha ipoe. Alipodhani hatumtazami alikishika kikombe kwa mikono miwili na kukiinamia kama mtu anayekunywa kisimani, na kisahani kikawa kinagonga, tik tik tik, hadi mwanamke wa nyuma yangu akanong'ona kwa mwenzake neno moja: obuko. Wenzake wakacheka chini ya leso. Wakwe zake walikuwa wamekaa upande wa pili wa hema na walisikia.

Mzee yule alikuwa na Parkinson, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, mkono ukatetemeka hata ukiwa umepumzika, hatua zikawa fupi, uso ukakauka. Hautibiki ukaisha, lakini dawa iitwayo levodopa humrudishia mtu mikono yake kwa miaka kadhaa. Alichelewa kuipata kwa miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu hakuwa haijui hospitali. Alikuwa anaona aibu kuonyesha mkono, maana kila anayeuona anasoma humo jina la mama mkwe. Na mama mkwe huyo alikuwa marehemu siku nyingi, kwa hiyo hata lubugo, kama angelijua, hapakuwa na wa kuupokea.

Hapo ndipo wa katikati wanapoingia. Mke wake alimpeleka kwanza kwa mganga, ambaye alidai mbuzi na pesa. Halafu mtoto wao mmoja aliyeokoka akaleta mchungaji, aliyesema hiyo ni laana ya ukoo na lazima vifungo vikatwe, na kukata vifungo kuna bahasha yake. Sisi Waislamu tusicheke. Alisomewa pia, na msomaji hakuondoka mikono mitupu. Watatu wale wasingekubali kukaa meza moja, kila mmoja anamwita mwenzake mpotofu. Wote watatu, hata hivyo, walikubaliana kwamba kuna deni, na kwamba deni hilo hulipwa kwao.

Haya ndiyo mabadiliko makubwa ya miiko yetu, na sioni yakizungumzwa. Watu wanasema imani hizi zimezeeka, zinakufa. Nyingine zimekufa, kweli, kama za nsenene. Zilizobaki zimebadilisha mpokeaji. Zamani ulimlipa uliyemkosea. Sasa unamlipa asiyehusika, na uliyemkosea hapati hata salamu. Tembea Kampala ukisoma karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, namba za simu za wanaorudisha wapenzi na kuondoa mikosi, na utaona soko ambalo hofu ndiyo mtaji wake. Hofu inayokuja na tiba yake nyumbani haina faida kwa mtu huyo. Anahitaji ile iliyopoteza mlango.

Mwisho wa njia hiyo unatisha. Kwa miaka kadhaa sasa wapo wazazi Uganda wanaowatoboa masikio watoto wa kiume wakiwa wachanga, kwa kuwa inasemwa wanaotafuta watoto wa kafara humkataa aliye na alama mwilini. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria mahususi dhidi ya kafara za binadamu. Mzazi anayemtoboa mwanawe masikio simlaumu, ningeweza kufanya hivyo mimi. Lakini angalia mwiko mpya unavyozaliwa: mganga anasema utajiri una bei, tajiri anakubali, na anayelipa ni mtoto wa jirani.

Najua nitaambiwa ninaipamba zamani. Siipambi. Milango mingine tangu mwanzo ilikuwa mibovu. Buganda wanawake walioshikwa na wazimu baada ya kujifungua walisemwa wana amakiro, na maelezo yaliyoenea ni kwamba walitoka nje ya ndoa wakiwa na mimba. Mtu hajalala siku nne, anasikia sauti, ameshindwa kumnyonyesha mtoto, na waliomzunguka wanamtaka ataje majina. Hali hiyo ni dharura ya hospitali, humpata mke mwaminifu na asiye mwaminifu, na mlango uliowekwa hapo ulikuwa wa kumwingiza mwanamke mahakamani akiwa mahututi. Mwiko wa namna hiyo sihitaji kuujua chanzo chake ndipo niukatae. Kipimo changu ni kilekile, malipo. Ikiwa anayelipa kila mara ni mmoja, kama sisi wasichana tuliochapwa kwa mti ambao haukuruhusiwa kuwagusa kaka zetu, huo umepangwa na asiyelipa.

Na ishara za mbinguni nazo zina wafaidika. Kule Biharwe karibu na Mbarara, magharibi mwa Uganda, simulizi ya Ankole inasema jua lilianguka, na wanahistoria wameliweka tukio hilo kwenye kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Mfalme wa Bunyoro alikuwa anapita hapo na ng'ombe aliowateka. Giza likaingia mchana, akaona ni mkosi, akakimbia. Wanyankole wakawakuta ng'ombe hawana mchungaji, nao wakasema wameshuka kutoka mbinguni. Jua ni lilelile. Mmoja alihesabu nuksi, mwingine akahesabu mifugo. Mwaka 2013, tarehe 3 Novemba, jua lilipatwa tena na watu wakafurika Pakwach kulitazama, rais akiwemo. Safari hii waliofaidika ni wenye nyumba za wageni.

Mama sasa ana miaka zaidi ya 70, na mwezi uliopita alikuja kukaa nasi Kampala. Jioni moja, saa mbili imepita, chumvi ikaisha. Binti yangu, aliye kidato cha pili, akachukua simu kumwandikia jirani wa chini kwa WhatsApp. Alishaandika neno lenyewe ndipo akakumbuka kuna bibi sebuleni.

"Bibi, kuandika ni kutaja?"

Mama alivaa miwani. Aliomba simu, akaitazama ile skrini muda mrefu, mbali na uso, karibu, mbali tena.

"Umeituma?"

"Bado."

"Huyo jirani ni kabila gani?"

"Mnyankole, nadhani."

Akafikiri. Nilikuwa jikoni na kijiko hewani, nikingoja hukumu kama nilivyoingoja miaka ile kwenye mabati.

"Kuandika si kutaja," alisema. "Mdomo haukufunguka. Tuma. Ila akileta, asikupe mkononi. Aweke chini, halafu uokote."

Binti yangu akatuma, akashuka ngazi kwenda kumweleza mtoto wa jirani asije akaona ni dharau. Akarudi upesi, anacheka. Hakukuwa na haja ya kueleza. Alipofika ngazi ya mwisho pakiti ilikuwa imeshawekwa sakafuni mbele ya mlango wao, juu ya kipande cha gazeti, na mlango umerudishwa. Nao wana bibi.